Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mauaji ya kukumbukwa katika muvi na sizoni za majambazi

Haya ni maswali ambayo watazamaji wa banda letu hapa Mikindani, Mtwara, huuliza wakishatoka nje, na mengine hutumwa kwa simu usiku wa manane na watu walioshindwa kulala. Nimeyajibu yote pamoja ili anayetaka kubishana awe na pa kuanzia. Ninataja waziwazi nani anakufa na nani anaua. Kama hujaona The Godfather, Goodfellas, Deewaar, The Sopranos au The Wire, na hupendi kusimuliwa kabla, kaangalie kwanza ndipo urudi.

Mauaji yapi ni makubwa kuliko yote?

Kwangu mimi ni ya mgahawani katika The Godfather ya mwaka 1972. Sijaona mengine yaliyoyafikia.

Michael Corleone ametoka vitani, na baba yake alitaka abaki nje ya biashara za familia. Sasa amekaa meza moja na Sollozzo, mtu aliyeagiza baba huyo apigwe risasi, pamoja na McCluskey, kapteni wa polisi aliyenunuliwa. Bastola imefichwa chooni, nyuma ya tangi la maji la kizamani, lile la kuvuta mnyororo. Michael ameshaelekezwa: ukitoka chooni usikae, fyatua palepale, kila mmoja risasi mbili za kichwa, kisha iachie bastola idondoke na utoke taratibu.

Anatoka chooni. Halafu anakaa.

Hapo ndipo penye kazi yote. Sollozzo anaendelea kuongea Kitaliano na kamera inasogea usoni mwa Al Pacino. Macho yanakwenda huku na huku, hasikii tena anachoambiwa. Mlio wa treni unaanza mbali, unapanda, unapanda, unakwaruza masikio, na treni yenyewe huioni. Mlio huo ni kazi ya Walter Murch, fundi wa sauti wa filamu hiyo. Muziki haupo kabisa mpaka bastola imeshadondoka sakafuni. Anasimama, anafyatua, kufumba na kufumbua watu wawili wamekwisha, na Michael aliyeingia chooni hatumwoni tena katika filamu zote tatu.

Watu wengi humwangalia anayekufa. Siku nyingine ukiirudia, mwangalie anayeua, na umwangalie kabla hajanyanyuka kitini.

Kwa nini mnazima sauti ya mtafsiri ikifika sehemu hiyo? Wengine hatuelewi Kiingereza.

Swali hili huja kwa ukali, na nalielewa. Muvi zilizotafsiriwa ndizo zilizotukuza wengi wetu huku Kusini. Mtafsiri mzuri ni msanii kamili. Anajua kumpa jambazi sauti ya jambazi, anajua kuchekesha, na anakuelezea hata lile ambalo mwandishi wa filamu alisahau kulieleza. Muvi za kupigana tunaziweka na mtafsiri wake mwanzo mpaka mwisho.

Lakini mtafsiri anaogopa ukimya. Kwenye meza ile ya Sollozzo ataropoka tu, "Kaeni chonjo, jamaa anachomoa sasa hivi!" na mlio wa treni umezikwa. Umeshaambiwa kinachokuja, basi woga umekwisha. Isitoshe, Sollozzo anaongea Kitaliano na waliotengeneza filamu hawakuweka maandishi ya tafsiri chini, hata kwa Wamarekani wenyewe. Walitaka usielewe. Mtazamaji wa New York na wewe wa Mikindani mpo sawasawa kwa dakika hizo.

Jambo moja tu inabidi tuwaambie vijana mapema, kwamba ule mlio ni wa treni. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza iling'olewa miaka ya 1960, na wanaoukumbuka mlio wa namna hiyo hapa kwetu ni wazee wachache.

Michael aliwezaje kumuua Fredo, ndugu yake wa tumbo moja?

Hili ndilo swali la wavuvi, na ni katika The Godfather Part II ya mwaka 1974. Fredo alimsaliti mdogo wake kwa maadui, kwa unyonge na wivu zaidi kuliko kwa ubaya wa moyo. Michael alisubiri mama yao afe kwanza. Kwenye msiba akamkumbatia Fredo mbele ya watu, ndugu wakafurahi kwamba mambo yameisha, na juu ya bega la Fredo akamwangalia mtu wake, Al Neri. Hakusema neno. Kwangu mimi mauaji yamefanyika hapo, kwenye lile jicho. Yanayofuata ni utekelezaji.

Baadaye Fredo yuko kwenye boti ndogo, Ziwa Tahoe, anavua. Alikuwa amemfundisha mtoto wa Michael siri yake ya kupata samaki: unatupa ndoano huku unasali Salamu Maria. Mtoto alikuwa aende naye, akaitwa arudi nyumbani dakika ya mwisho. Fredo anaanza sala. Tunaona boti kwa mbali, tunasikia mlio mmoja, na Michael ndani ya nyumba anainamisha kichwa. Damu hatuoni hata tone.

Mvuvi mmoja aliniambia kitu ambacho sijakisoma popote. Kwenye chombo kidogo aliyekaa nyuma anamwona wa mbele kila anachofanya, na wa mbele hamwoni wa nyuma isipokuwa ageuke. Kwa hiyo ukikubali kukaa mbele, umemwamini mwenzako. Fredo alikaa mbele ya Neri. John Cazale, aliyemwigiza Fredo, ameuweka uaminifu huo usoni kiasi kwamba watu wazima bandani hutazama chini.

Na Deewaar? Pale pia ndugu anamuua ndugu.

Ndiyo, na mama zetu wanaipenda kuliko The Godfather. Siwalaumu hata kidogo. Deewaar ya mwaka 1975 ni ya Vijay, mbeba mizigo wa bandarini Bombay aliyegeuka mfanya magendo, na mdogo wake Ravi aliyekuwa polisi. Amitabh Bachchan ni Vijay, Shashi Kapoor ni Ravi.

Vijay anatembea na beji ya bandarini yenye namba 786. Mzee Mwislamu wa pale bandarini ndiye aliyemweleza heshima ya namba hiyo, inayosimama badala ya Bismillahi, na hapa pwani sisi hatuhitaji kuelezwa. Beji inamkinga, na mwishoni inapomponyoka mkononi banda zima hupiga yowe kwa sababu kila mtu ameshajua.

Lakini angalia mama yao amewekwa wapi. Anamkabidhi Ravi bastola na kumwombea mkono wake usitetemeke wakati wa kufyatua. Akimaliza, anakwenda hekaluni kumsubiri Vijay, kwa kuwa kule ni polisi na ni haki, na huku ni mwanawe aliyempenda zaidi. Vijay, ambaye tangu utotoni aligoma kuingia hekaluni hadi siku mama alipougua, anakwenda kufia humo mapajani mwa mama. Corleone anasubiri mama afe ndipo aue. Huku mama mwenyewe ndiye anayebeba mzigo wote. Kwa uzito wa moyo naiweka Deewaar juu, kwa ufundi naiweka The Godfather juu, na siwezi kuamua zaidi ya hapo.

Ni kweli kuna waigizaji wawili wanaouana kila muvi?

Si kila muvi, lakini wapo. Ni Joe Pesci na Frank Vincent. Walikuwa marafiki wa siku nyingi na waliwahi kufanya vichekesho jukwaani pamoja kabla ya filamu.

Katika Goodfellas ya mwaka 1990, Vincent ni Billy Batts, mkubwa wa genge aliyetoka jela. Anamtania Tommy, yaani Pesci, kwamba zamani alikuwa akipiga watu viatu rangi. Tommy anarudi baadaye na yeye na mwenzake Jimmy wanampiga Batts hadi wanaamini amekufa. Wanamtia kwenye buti ya gari. Njiani wanapitia kwa mama yake Tommy kuchukua beleshi. Mama anaamka, anawapikia, wanakula, anawaonyesha picha aliyoichora. Huyo mama ni mama mzazi wa Martin Scorsese, muongozaji wa filamu. Wakati wote huo unajua kilichopo kwenye buti, na mama hajui. Kisha gari linaanza kugonga kutoka ndani.

Mwaka 1995 zamu ikageuka. Katika Casino, Frank Vincent ndiye anayesimamia Pesci apigwe magongo shambani kwenye mahindi, baada ya kwanza kumlazimisha aangalie mdogo wake akipigwa. Pesci alikuwa akisimulia filamu kwa sauti yake. Gongo la kwanza linamkata katikati ya sentensi, na msimulizi hasikiki tena.

Vincent naye alikuja kumalizwa katika The Sopranos mwaka 2007 akiwa Phil Leotardo. Alipigwa risasi kituo cha mafuta mbele ya mkewe, gari likaserereka lenyewe na wajukuu wachanga ndani yake, tairi likampitia kichwani. Hiyo mimi siipendi. Ni kali bila sababu.

Mauaji haya yalitokea kweli, au ni ya kutunga tu?

Baadhi yana mizizi. Billy Batts ni William Bentvena, aliyeuawa mwaka 1970. Tommy ni Thomas DeSimone, aliyepotea Januari 1979 asionekane tena. Filamu inaonyesha anavyodanganywa: amevaa vizuri, mama yake anamuaga kwa fahari, anaamini anakwenda kuapishwa kuwa mwanachama kamili, mlango unafunguliwa na chumba ni kitupu. Ana muda wa kuliona hilo tu. Inaelezwa kwamba alipigwa ya uso ili mama asiweze hata kufungua jeneza.

Maiti zile za Goodfellas zinazookotwa moja baada ya nyingine huku piano ikipigwa taratibu zinatokana na wizi wa Lufthansa katika uwanja wa ndege wa JFK, Desemba 1978, zaidi ya dola milioni 5. Waliohusika wakaanza kumalizwa ili wasiseme.

Ndugu wa kwenye mahindi ni Anthony na Michael Spilotro, waliokutwa wamezikwa shambani Indiana mwaka 1986. Filamu inaonyesha wakiuawa hapohapo shambani, kwa sababu ndivyo watu walivyoamini wakati ule. Kesi iliyosikilizwa Chicago mwaka 2007 ilieleza kwamba waliuawa kwenye chumba cha chini cha nyumba, shambani wakapelekwa kuzikwa tu.

Bonnie na Clyde nao ni watu wa kweli, waliviziwa Louisiana tarehe 23 Mei 1934. Filamu yao ya mwaka 1967 ilipiga tukio hilo kwa kamera kadhaa zenye mwendo tofauti, ndiyo maana unawaona kama wanacheza ngoma wakati risasi zinawaingia.

Kwa nini jambazi mkuu lazima afe mwisho? Steringi hafi!

Ubishi wa kila Ijumaa. Kwenye muvi za kupigana steringi hafi, nakubali. Kwenye muvi za majambazi kulikuwa na kanuni. Kuanzia mwaka 1934 studio za Marekani zilitekeleza kwa ukali kanuni zilizotaka uhalifu usionekane kuwa na faida, na mhalifu aadhibiwe kabla taa hazijawashwa. Ndiyo maana James Cagney katika White Heat ya mwaka 1949 analipuka juu ya tangi la gesi akimpigia mama yake kelele kwamba amefika kileleni. Kanuni hizo ziliachwa mwaka 1968, ukaja utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji.

Desturi ikabaki hata hivyo. Tony Montana wa Scarface ya mwaka 1983 amesimama kwenye roshani, amejaa risasi na bado anatukana, kumbe aliyemmaliza anamjia kwa nyuma bila haraka na bunduki kubwa. Anaangukia kwenye bwawa, na juu yake kuna maandishi yanayosema dunia ni yake. Vijana wanavaa fulana za Tony wakiwa wamekariri kelele zake. Ningependa wamkariri yule wa nyuma pia.

Mke wangu anauliza: mnafurahia nini kuona watu wanauawa?

Shemeji, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake.

Kuna muvi ambazo watu 80 wanakufa na ukitoka hukumbuki hata mmoja. Hizo sizitetei. Ninazozitetea ni zile zinazokufanya umjue mtu kwanza. Chukua Wallace wa The Wire, sizoni ya kwanza, mwaka 2002. Ni mtoto wa Baltimore, anauza dawa za kulevya, anaishi kwenye nyumba iliyopigiliwa mbao. Asubuhi anawaamsha wadogo waliomo humo, anawapa kila mmoja juisi na pakiti ya krispi kabla hawajaenda shule. Anawasaidia hesabu. Aliongea na polisi, wakubwa wakaagiza aondolewe, na waliotumwa ni Bodie na Poot, marafiki zake wa kila siku. Bodie anamnyooshea bastola na mkono unamtetemeka. Wallace anawakumbusha kwamba wao ni marafiki. Poot anamhimiza Bodie amalize. Anafyatua, halafu Poot naye anamalizia.

Aliyemwigiza Wallace ni Michael B. Jordan, yule aliyekuja kuwa Killmonger katika Black Panther, wakati huo kijana mdogo. Nimewaona wanaume walioingia wakiwa wanatafuna korosho kwa fujo, wakatoka kimya na wakakaa nje kwenye benchi. Sikuona furaha pale. Niliona watu wamefiwa na mtoto ambaye hayupo, na kesho yake wakamuulizia kijana fulani wa mtaani ambaye wiki nzima hawajamwona.

Omar alikufaje vile? Mtu mzito kama yule!

Kwa sababu ndivyo wanavyokufa. Omar Little aliyeigizwa na Michael K. Williams alikuwa akiwaibia wauza dawa wenyewe, mtaa mzima ukikimbia akipita. Katika sizoni ya tano ya The Wire, mwaka 2008, anaingia dukani kununua sigara. Mlango unafunguka nyuma yake, anageuka, anaona ni mtoto, anarudisha uso kwa muuzaji. Mtoto huyo, Kenard, anampiga ya kichwa. Gazeti halipati nafasi ya kuichapa habari yake. Mochwari kibandiko cha jina lake kimewekwa kwenye maiti ya mwingine, na mfanyakazi anavibadilisha bila kujua amemshika nani.

Wengi hukasirika kwamba hakufa kishujaa. Mimi naona ni heshima kubwa kwa mtazamaji. Mtoto yule alionekana sizoni zilizopita akiigiza kuwa Omar na wenzake mtaani, na hatukumjali.

Kwa nini hatukuonyeshwa Adriana akipigwa?

The Sopranos, mwaka 2004. Adriana alibanwa na makachero akawa anawapa habari. Akamwambia mchumba wake Christopher, na Christopher akamuuza kwa bosi, Tony Soprano. Silvio, mtu wa Tony, anampakia garini akimdanganya kwamba Christopher amelazwa hospitali. Gari linaacha barabara kuu na kuingia msituni. Hapo Adriana anaelewa, nawe unaelewa naye. Anatambaa kwenye majani makavu, anatoka nje ya picha, Silvio anamfuata, tunasikia milio. Kamera haikwenda naye. Waliompenda wanashukuru.

Tony Soprano alikufa au hakufa?

Tarehe 10 Juni 2007, mwisho kabisa wa The Sopranos, skrini ilikuwa nyeusi ghafla na Wamarekani wengi wakadhani king'amuzi kimekatika. Mimi naamini alikufa. Hatutaki tena ngumi bandani kwa ajili ya hili.

Wachina je? Hao nao wana muvi za magenge?

Hong Kong wana hazina. A Better Tomorrow ya mwaka 1986: Mark, yaani Chow Yun-fat, anamkaripia polisi kijana kuhusu maana ya undugu, na risasi inamkata kabla hajamaliza kusema. Election ya Johnnie To, mwaka 2005, haina bunduki. Wakuu wawili wa genge wameenda kuvua samaki kwa amani na familia zao, na mmoja anamuua mwenzake kwa jiwe, akirudia na kurudia, mtoto wake akiwa hapo karibu. Ukitaka kujua kuua ni kazi ngumu kiasi gani, tazama hiyo.

Zile damu ni za nini, na risasi ni za kweli?

Alfred Hitchcock katika Psycho ya mwaka 1960 alitumia sharubati ya chokoleti, maana filamu haikuwa ya rangi. Kwenye The Godfather fundi wa vipodozi alikuwa Dick Smith, aliyesifika kwa damu ya sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Ukiona shati linachanika, chini yake kuna kibaruti kidogo na kifuko cha damu, vinalipuliwa kwa umeme. Sonny Corleone, kaka yake Michael, anayepigwa kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara alifungiwa vibaruti hivyo mwili mzima, na gari lake likatobolewa mashimo mapema.

Bunduki hutumia risasi baridi, na hizo si mchezo. Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alikufa tarehe 31 Machi 1993 akiigiza The Crow, kwa kipande cha risasi kilichokuwa kimebaki ndani ya bastola. Tarehe 21 Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa New Mexico kwenye filamu ya Rust, ambako risasi ya moto iliingia kwenye bastola ya kuigizia. Siku hizi moto wa mtutu mara nyingi unawekwa kwa kompyuta, na mtu akisema inaonekana ya uongo namwambia ni afadhali.

Mtoto wangu ana miaka 12, naweza kuja naye?

Hapana, mama. Ijumaa ni ya watu wazima, hata kama ni mrefu na hata kama msimu wa korosho umefunguka na kila mtu ana hela ya kiingilio.

Sijaona hata moja. Nianze na ipi?

The Godfather zote mbili za kwanza, kwa mpangilio, na simu iwe mfukoni. Kisha Goodfellas, halafu Deewaar ukiwa na mama au dada. Casino ifuate Goodfellas wala isiitangulie, ili ufaidi kisasi cha Frank Vincent. The Wire anza sehemu ya kwanza kabisa na usiruke hata moja, maana Wallace yumo tangu siku ile, amekaa kwenye kochi bovu uwanjani na wenzake wawili.